Kufahamiana Kibiashara Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninauza vifungashio mjini Mbeya: viroba vya mchele, magunia ya viazi, makreti ya nyanya na maboksi ya parachichi. Kazi hii imenikutanisha na wakulima, madalali, madereva, wenye mashine za kukoboa na wasafirishaji wanaovusha mizigo mpakani, kwa sababu hakuna zao linaloondoka shambani bila kutiwa ndani ya kitu. Nimekuwa nikialikwa kuzungumza na wajasiriamali wanaoanza, na maswali yao yanajirudia kiasi kwamba nimeona heri niyajibu kwa maandishi. Majibu haya yamewalenga watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Mwenye duka Kariakoo huenda akayaona mengine kuwa ya kishamba, na sitabishana naye.

Kuna tofauti gani kati ya kujenga uhusiano wa kibiashara na kutafuta koneksheni?

Neno koneksheni, kama linavyotumika mitaani kwetu, humaanisha mtu aliye ndani ambaye atakupitisha kwenye mlango ambao wenzako wameupangia foleni. Koneksheni hulipiwa, hutumika mara moja au mbili, na huisha siku mtu huyo anapohamishwa kituo cha kazi. Uhusiano ninaouzungumzia hapa ni wa mtu anayeifahamu kazi yako kiasi cha kuthubutu kulitaja jina lako mahali ambapo wewe haupo.

Mtu anapokutambulisha kwa mteja wake, anakukopesha jina lake. Ukichelewesha mzigo, ukichanganya mchele mpya na wa mwaka jana, au ukishona lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, wakati mlikubaliana gunia la kilo 100, anayedaiwa kwanza si wewe bali ni yeye aliyesema, "Huyu namfahamu, chukua kwake." Ndiyo maana watu wengi wanaoombwa utambulisho hujibu "nitakuangalizia" kisha wakanyamaza. Wengi hudhani huo ni wivu. Mara nyingi ni hesabu tu ya mtu anayejua thamani ya jina lake na asiyejua bado kama utalirudisha likiwa safi.

Simfahamu mtu yeyote katika biashara. Nianzie wapi?

Sijawahi kukutana na mtu asiyemfahamu mtu yeyote. Chukua karatasi uandike majina ya watu unaowalipa fedha: mwenye nyumba, fundi cherehani, mama lishe, dereva wa bajaji, mwenye duka la pembejeo, mwalimu wa mwanao wa masomo ya ziada. Kisha andika waliosoma nawe, wanaosali nawe, na mliowahi kukaa pamoja kwenye kamati yoyote, hata ya harusi. Wengi hufikisha majina 60 kabla ya kuinua kalamu. Kazi inayofuata ni kuhakikisha kila mmoja wao anajua kwa usahihi unachofanya, kwa sababu watu wetu wa karibu hujua kwamba "ana biashara zake" na hawajui zaidi ya hapo.

Usiwadharau wale unaoonana nao kwa nadra. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha mwaka 1973 uchunguzi kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu waliyemfahamu, akakuta kwamba asilimia 16.7 tu kati yao walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Sababu aliyoitoa inaeleweka kwa urahisi: rafiki yako wa kila siku anasikia yaleyale unayoyasikia wewe, lakini mtu wa mbali anatoka mahali ambapo habari nyingine zinazungumzwa.

Mimi mwenyewe nilionja ukweli huo mwaka 2019. Serikali ilipotangaza kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ingepigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huo, theluthi nzima ya mzigo dukani kwangu ilikuwa mifuko hiyo, na majirani zangu wote walikuwa na taharuki ileile niliyokuwa nayo. Aliyenionesha pa kupata mifuko mbadala alikuwa fundi wa kushona mahema ambaye tulikuwa tukisalimiana labda mara mbili kwa mwaka pale Uyole. Alikuwa akiagiza kitambaa chake kwa mtu ambaye tayari alishaanza kuleta malighafi ya mifuko hiyo. Hakuna jirani yangu yeyote wa soko ambaye angeweza kuniambia hivyo.

Ni wapi hasa wafanyabiashara hukutana katika mikoa hii?

Jibu rasmi ni kwamba ziko taasisi. Chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, yaani TCCIA, iliyoanzishwa mwaka 1988, ina ofisi za mikoa, na wanaosafirisha bidhaa nje ya nchi huijua zaidi kwa kuwa ndiko wanakochukua vyeti vya uasili wa bidhaa. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, huendesha mafunzo ya usindikaji, na darasa la siku tano la kusindika matunda hukufahamisha na watu kuliko mkutano wa siku moja wenye hotuba nane, kwa sababu mtu mliyemenya naye nanasi huwezi kumsahau. Wakulima wana AMCOS zao, yaani vyama vya msingi vya ushirika, na vikundi vya akiba na mikopo viko kila kata. Mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, uliozinduliwa mwaka 2010, nao umekuwa ukiwakutanisha wakulima, wasindikaji na wanunuzi wakubwa.

Jibu lisilo rasmi ni pana zaidi. Mchele wa Usangu unazungumzwa Igurusi kwenye mashine za kukoboa, na nyanya za Kilolo zinazungumzwa Ilula kandokando ya barabara kuu. Mbao zinazungumzwa Mafinga, mji unaoishi kwa misitu ya kupandwa ikiwemo Sao Hill. Mambo ya forodha na mizigo ya Zambia na Kongo yanazungumzwa Tunduma, ambako foleni ya malori humpa dereva muda wa kuongea kuliko anaoutaka. Ukitaka kuwafahamu watu wa zao fulani, nenda ukae mahali wanaposubiri, kwa kuwa mtu anayesubiri mashine, mzani au gari hana haraka ya kukukatiza.

Nitumieje maonesho ya Nane Nane bila kupoteza siku?

Viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya ndiyo uwanja wetu wa Nane Nane wa kanda, na mwaka 2022 na 2023 vilipokea maonesho ya kitaifa. Kosa kubwa ninaloliona kila Agosti ni watu kwenda tarehe 8 yenyewe, siku ya kilele, ambapo wageni rasmi wanapita, spika zinanguruma na mwenye banda hana nafasi hata ya kunywa maji. Nenda siku ya pili au ya tatu, asubuhi, kabla vumbi halijapanda na kabla wanafunzi hawajashushwa kwenye mabasi. Wakati huo mwenye banda amekaa peke yake anapanga chupa zake za asali, na atafurahi kuulizwa swali la maana.

Chagua mabanda sita tu. Uliza swali linaloonesha kwamba unaijua kazi: mtu wa mashine ya kukamua alizeti muulize mashudu yanabaki na mafuta kiasi gani, na mtu wa miche ya parachichi muulize kikonyo cha kupandikizia alikitoa kwenye mti mama wa umri gani. Ukitoka kwenye banda, usiende moja kwa moja banda la pili. Simama pembeni, andika mambo matatu: jina, alichokisema kinachomsumbua, na ulichomwahidi. Daftari langu la Nane Nane la mwaka mmoja lina ukurasa wenye doa la juisi ya miwa na maneno haya: "Baba wa Ileje, asali. Vifuniko vinavuja. Nimwulizie vya saizi 38." Jina lake sikuliandika, lakini kwa maneno hayo nilimpata, kwa kuwa nilirudi kesho yake kwenye banda lilelile nikiwa na vifuniko viwili vya sampuli mfukoni. Bado ni mteja wangu.

Nijitambulisheje kwa mtu ambaye hanijui?

Salamu kwanza, na isiwe ya kukimbilia shida. Kwa aliyekuzidi umri toa shikamoo hata kama wewe ndiye mnunuzi na fedha zako ndizo zinazosubiriwa. Nimeona kijana mwenye gari zuri akipoteza tani kadhaa za viazi huko Njombe kwa sababu alimwita mzee wa watu "mzee baba" na kuuliza bei kabla hajaketi. Ukifika Iringa au Njombe, "Kamwene" iliyotamkwa vibaya bado inafungua uso wa mtu, na Rungwe "Mugonile" hufanya vivyo hivyo. Usiendelee zaidi ya hapo kama hujui lugha, maana utajibiwa.

Kisha sema unachofanya kwa sentensi moja inayoeleweka na mtu asiye wa fani yako. Badala ya kusema, "Ninajihusisha na masuala ya ugavi na mnyororo wa thamani," sema, "Nina kirikuu, nabeba ndizi kutoka Tukuyu kuleta Mbeya mjini kila Jumanne na Ijumaa." Sentensi ya pili inampa msikilizaji kitu cha kukumbuka na, muhimu zaidi, kitu cha kumsimulia mwingine. Mimi nimehifadhiwa kwenye simu za watu kama "Mama Viroba". Mwaka 2017, pombe za viroba, zile za kwenye vifuko vidogo, zilipopigwa marufuku, jina hilo lilinipatia simu mbili tatu za ajabu, lakini sijawahi kutaka libadilike, kwa sababu kila mwenye mchele analikumbuka.

Je, ni lazima niwe na kadi ya biashara?

Hapana. Ukiwa nayo, iwe na namba inayopatikana na jina la bidhaa yako kwa herufi zinazosomeka. Usizigawe kama vipeperushi vya kampeni.

Nifuatilie vipi bila kuonekana msumbufu?

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, na si kwa sababu wanasumbua mno bali kwa sababu hawafuatilii kabisa. Mkutano wa kwanza ni utambulisho tu. Uhusiano unaanza pale unapofanya jambo dogo ulilosema utalifanya. Ndiyo maana ninawashauri watu watoe ahadi ndogo ndogo kwa makusudi. Sema utamtumia bei ya mafuta ya alizeti ya soko la Makambako siku ya Alhamisi, kisha itume Alhamisi, wala si Ijumaa yenye maelezo. Mtu aliyeona umetimiza mambo matatu madogo ana sababu ya kukuamini kwa jambo la nne ambalo ni kubwa. Asiyeona chochote hana pa kusimamia, hata kama ulimchangamsha vizuri siku ile.

Ujumbe wa kufuatilia uwe na kitu ndani yake. "Habari za siku mkuu, nakusalimu tu" unaruhusiwa mara chache na kwa watu mliozoeana. Kwa mtu mpya, andika kitu kama hiki: "Shikamoo mzee, ni yule binti wa makreti tuliyeonana Ilula kwenye mzani. Ulisema makreti yanavunjika pembeni. Nimepata yenye ukingo mnene, nina moja hapa la mfano. Jumatano napita na gari la Iringa, nikushushie?" Ujumbe huo unamkumbusha ni nani, unamwonesha kwamba alisikilizwa, na unamwomba neno moja tu la kujibu. Linganisha na ule unaosema, "Naomba tukae tuangalie namna ya kushirikiana," ambao unampa mwenzako kazi ya kufikiria wewe utakuwa na faida gani kwake.

Kuhusu simu, mkulima usimpigie saa mbili asubuhi wakati wa palizi, na mtu wa soko usimpigie alfajiri mzigo unaposhuka. Jua saa za kazi za mtu kabla hujalalamika kwamba hapokei.

Makundi ya WhatsApp yanasaidia kweli?

Yanasaidia kwa habari za bei, magari yanayorudi tupu na hali ya barabara. Mlima Kitonga ukifungwa na lori lililolala, kundi la wasafirishaji ndilo linalojua kwanza. Hayasaidii kujenga imani, kwa sababu ndani ya kundi la watu 400 kila mmoja anatangaza na hakuna anayesoma. Ukiona mtu ameuliza swali unalolijua, mjibu kikamilifu bila kuweka tangazo lako chini ya jibu. Wanaosoma kimya kimya ni wengi kuliko unavyodhani, na ndio watakaokutafuta pembeni.

Usimwingize mtu kwenye kundi bila kumwuliza, na usichukue orodha ya namba za mahudhurio ya semina ukaigeuza kuwa orodha ya matangazo yako. Mbali na kuwa ni utovu wa adabu, tangu Mei 2023 nchi yetu inatekeleza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo msingi wake mmojawapo ni kwamba taarifa ya mtu iliyokusanywa kwa jambo fulani isitumike kwa jambo lingine.

Mtu ameniomba nimtambulishe kwa mteja wangu. Nikubali?

Swali hili ningelipa ukurasa mzima kama ningeruhusiwa, kwa sababu ndilo lililonigharimu zaidi.

Msimu mmoja mteja wangu wa mchele alihitaji gari la kupeleka mzigo Dar es Salaam, nami nikamtajia mwenye Fuso niliyekuwa nimeonana naye mara mbili kwenye kikao na kumwona ni mchangamfu. Sikuwa nimewahi kupakia hata kiroba kimoja kwenye gari lake. Gari lilifika kupakia likiwa limechelewa siku mbili, likabeba na mzigo wa mtu mwingine juu ya mchele, turubai likawa halitoshi, na mvua ikawakuta kabla ya Mikumi. Viroba 22 vililowa. Mteja hakumpigia mwenye gari. Alinipigia mimi, saa tano usiku, akasema maneno machache tu: "Mama, ulisema unamjua."

Nilipanda basi hadi Igurusi kesho yake asubuhi, nikaketi kwenye benchi la mashine hadi alipotoka, nikamwambia kwamba sikumjua yule mtu nami nilizungumza kama ninayemjua. Nikamfidia viroba vipya kwa mzigo uliofuata. Hasara ya mchele hakunidai, lakini miezi mingi ilipita kabla hajaniuliza tena kuhusu mtu yeyote.

Tangu hapo ninatenganisha mambo matatu ninapozungumza na anayeomba utambulisho. Kama nimefanya naye kazi, nasema nimefanya naye kazi gani na ilikwendaje, pamoja na udhaifu wake kama upo: "Mbao zake nzuri, ila mkumbushe siku moja kabla." Kama ninamfahamu kwa sura tu, ninasema hivyohivyo: "Namba ninayo, kazi yake sijaiona." Na kama nina wasiwasi naye, ninamwambia mwombaji kwamba kwa sasa siwezi, bila kutunga visingizio. Pia sitoi namba ya mteja wangu kabla ya kumwuliza mwenyewe. Ninampigia kwanza, namweleza anayemtafuta ni nani na anataka nini, na akikubali ndipo ninapowaunganisha. Hatua hiyo ya katikati inachukua dakika tano, na imenilinda mara nyingi kuliko mkataba wowote.

Ukiwa upande wa pili, yaani wewe ndiye uliyetambulishwa, rudisha taarifa kwa aliyekutambulisha. Mwambie mlikutana lini na mmefikia wapi, hata kama biashara haikufanyika. Ni jambo la kushangaza jinsi watu wachache wanavyofanya hivyo, na jinsi wale wachache wanavyotambulishwa tena na tena.

Je, ni lazima nichangie harusi na misiba ya watu ninaofanya nao biashara?

Kwa mikoa yetu huwezi kuitenganisha biashara na mambo hayo, na anayekuambia ufanye hivyo hajawahi kuuza kitu Tukuyu. Hata hivyo michango ya harusi inaweza kuumaliza mtaji wa mtu anayeanza. Mimi hutenga kiasi kwa mwezi, na kikiisha ninasema, "Mwezi huu nimeishiwa, ila nitakuja kusaidia siku yenyewe," kisha ninakwenda kweli. Msiba ni tofauti: nenda, hata kama huna bahasha.

Mahali ambapo nimefahamika zaidi na akina mama wanaonunua ndizi Rungwe ni msibani, chini ya turubai linalovuja, tukimenya ndizi za mzuzu kwa visu visivyo na makali huku mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Hakuna aliyeniuliza ninauza nini hadi jioni ya siku ya pili, na mimi sikutaja. Kuuza msibani ni aibu ambayo watu watakukumbusha miaka kumi. Lakini waliniona ninavyomenya, ninavyoosha masufuria, na kwamba sikuondoka kabla ya kazi kwisha.

Zawadi ya kushukuru inakuwa rushwa wakati gani?

Kreti la parachichi kwa aliyekuletea mteja, baada ya kazi kwisha na mbele ya macho ya watu, ni shukrani. Fedha kwa ofisa manunuzi wa kampuni ili achukue vifungashio vyako badala ya vya mwenzako ni rushwa, hata kama kampuni hiyo ni ya binafsi, kwa kuwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiwagusi watumishi wa umma peke yao. Kipimo changu ni kujiuliza kama ningeweza kuitoa zawadi hiyo bosi wake akiwa amesimama hapo. Kwa zabuni za serikali, jisajili kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma, na uombe kama wengine. Kumfahamu mtu wa halmashauri kusikupe zaidi ya kujua ni fomu gani inayotakiwa.

Mimi ni mwanamke na vikao vingi hufanyika jioni kwenye vinywaji. Nifanyeje?

Pendekeza saa na mahali pengine bila kuomba radhi: "Mimi jioni huwa sipatikani, nipo dukani saa nne asubuhi, karibu tunywe chai." Mtu mwenye biashara ya kweli atakuja, maana saa nne naye anakunywa chai. Kama kikao chenyewe ni cha jioni na ni muhimu, nenda na mwenzako, agiza soda yako, zungumza la kuzungumza na uondoke kabla mazungumzo hayajageuka kuwa ya mpira. Nimefanya hivyo miaka yote na sijaona nilichokikosa, isipokuwa maneno ya saa sita usiku ambayo asubuhi hayakumbukwi na mtu.

Likijitokeza lile lingine, yaani mtu mwenye mamlaka anayeifanya huduma au mkataba kuwa na sharti la mwili wako, hilo lina jina kisheria. Ni rushwa ya ngono, na kifungu cha 25 cha sheria niliyoitaja kinalihusu. Ofisi za TAKUKURU ziko mikoani. Mwambie pia mwanamke mwingine unayemwamini katika fani hiyo, kwa sababu mara nyingi wewe si wa kwanza.

Mimi ni mkimya. Je, nitaweza?

Utaweza, na huenda ukawazidi wasemaji. Watu wakimya husikiliza shida ya mtu hadi mwisho, na wateja hukumbuka aliyewasikiliza.

Je, nishirikiane na washindani wangu?

Kwa mizigo, vifaa na habari, ndiyo. Jirani yangu wa soko anauza vitu vilevile ninavyouza. Makreti yakiniishia wakati mteja amesimama na gari, ninachukua kwake 50, tunahesabu mbele ya kuli, na ninamrudishia 50 yaleyale au fedha yake kabla ya jua kuzama. Tumewahi pia kuchangia lori moja kutoka Dar es Salaam wakati hakuna kati yetu aliyeweza kulijaza peke yake. Wateja wanaojua kwamba tunasaidiana hawaendi kutafuta duka la tatu.

Jambo moja msilifanye ni kukaa chini na kukubaliana bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza makubaliano ya aina hiyo kati ya washindani, na hata kama hakuna atakayewashitaki, mkulima wa viazi anayezunguka maduka manne na kukuta bei ileile hadi shilingi ya mwisho si mjinga.

Nimevunja ahadi niliyompa mtu muhimu. Nirekebishe vipi?

Mpigie kabla hajakupigia. Sema kilichotokea kwa sentensi mbili, sema utakachofanya na lini, kisha acha kueleza. Msiba wa kubuni usiutumie kamwe. Hapa watu wanafahamiana, na atampa pole shemeji yako sokoni.

Ni lini niache kumfuatilia mtu asiyejibu?

Kanuni yangu ilikuwa ujumbe wa tatu. Asipojibu mara tatu, katika muda wa miezi miwili hivi, ninachora mstari juu ya jina lake daftarini na kuendelea na wengine, bila kinyongo, kwa kuwa watu wana shida zao na simu hupotea.

Nimeirekebisha kidogo kanuni hiyo. Misimu miwili iliyopita alinipigia mkulima wa parachichi wa Njombe ambaye nilikuwa nimemchorea mstari, akiuliza kwa upole kama bado ninauza maboksi. Nikafungua daftari la zamani huku nikiongea naye. Chini ya jina lake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa pameandikwa: "Nimtumie bei ya boksi la kilo 4, la tundu pembeni." Nikatazama jumbe zangu tatu kwenye simu. Zote zilikuwa za salamu, na bei haikuwemo hata katika moja. Nilimtumia mchana uleule, na siku hizi, kabla ya kuchora mstari juu ya jina la mtu, ninasoma kwanza kilichoandikwa chini yake.